Neno la Siri la Mke Mdogo

Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi, kompyuta ya Masumbuko Ismaili iliamka ikiwa na nusu ya akili zake. Siku zote ikiwashwa ilileta kwanza orodha ya majina mawili, mtu akachagua analotaka. Leo orodha haikuja. Mashine ilikimbilia jina la kwanza, ikapiga muziki wake wa kukaribisha wageni, na jina la pili ikalipita kana kwamba halijawahi kuwamo humo ndani.

Sumaya, binti wa nyumba hiyo, alizima akawasha. Akazima, akawasha.

“Papa,” akaita, “Mudogo haiko.”

“Haiko namna gani? Alienda wapi?” Masumbuko alijibu akiwa mlangoni, anafuta vumbi la mtaa wa Kimanga kwenye kibao chake. Kibao kilisema: BIRO MASUMBUKO, KUCHAPA, KUTENGENEZA MASHINI ZOTE, MASHAURI. Kwa miaka kumi na mmoja, mashauri ndiyo yaliyotoka kwa wingi zaidi.

Mtaa mzima ulijua habari za kompyuta ile. Ndani yake mlikuwa na mifumo miwili ya uendeshaji, nyumba moja yenye wenyeji wawili wasioweza kuamka pamoja. Masumbuko aliwaita Mke Mkubwa na Mke Mdogo. Wateja waliupenda utani huo, na mkewe, Mwamvua, hakuupenda hata kidogo. Mkubwa alikuja na mashine yenyewe: mzuri wa sura, mzito wa kuamka, na kila kijiti cha kumbukumbu cha mteja kilichochomekwa kilimwachia virusi. Mdogo aliwekwa miaka miwili nyuma na fundi Osée Ndahiro. Huyo hakuambukizwa kitu. Kwa hiyo kazi zote za maana zililala kwake, zimefungwa kwa neno la siri.

Na neno hilo lilikuwa mwamvua, lote kwa herufi ndogo. Masumbuko aliliweka ili nyumba itulie. “Unaona,” alimwambia mkewe siku ile, “huyu Mudogo hawezi kufungua macho mupaka asikie jina yako.” Mwamvua aliridhika sana, hata akaenda kulisimulia sokoni. Hivyo kwa miaka miwili neno la siri la Biro Masumbuko lilijulikana kwa kila muuza ndagala, yaani dagaa, wa Kimanga.

Sasa, kwa Mdogo ndiko ilikolala travai ya Sumaya, yaani kazi yake ya kumaliza masomo ya chuo: kurasa sitini na mbili juu ya bei ya mihogo kutoka Nyakabere na Mutarule, miezi minne ya kupanda malori na kuhesabu mafungu mbele ya wanawake waliomdhania mtu wa kodi. Leo, saa sita kamili adhuhuri, katibu wa kitivo alikuwa anafunga daftari lake. Asiyefikisha kopi tatu kabla ya hapo angesubiri mwaka mwingine mzima. Sumaya alikuwa amekwisha kusubiri mmoja, ule mwaka ambao barabara ilifungwa.

Mtu atauliza mbona hakuweka nakala pengine. Aliiweka, kwenye kle yake, kile kijiti cha kuchomeka, na Mkubwa akaila. Alipotaka kununua kle nyingine baba yake alimcheka. “Kle ya kazi gani? Mashini ya baba yako ni salama kuliko banki.”

*

“Jana jioni ilikuwa nini?” Sumaya aliuliza.

“Hakuna kitu. Mukubwa alikuwa anajitengeneza, anasema ngojea, ngojea, asilimia arobaini. Umeme ikakatika.”

“Na batri?”

Betri ya mashine ile ilikuwa imebaki pambo tangu mvua za mwaka juzi, na Masumbuko alikuwa akiwaambia wateja kwamba kompyuta nzuri haihitaji betri.

Alikaa kwenye kiti, akakunja mikono ya kanzu, akabonyeza vitufe kwa kishindo cha mtu anayejua. Hakujua. Wateja wanne walikuwa wamekwisha kukaa kwenye benchi, wa mbele Marie-Rose, muuguzi, na ripoti yake ya kituo cha afya mkononi. Masumbuko alibonyeza vyote alivyovikumbuka, kisha akasema kwa sauti ya daktari, “Ni kitu kidogo. Lakini nataka Osée aone, ajifunze.”

Osée alifika na pikipiki yake saa tatu na nusu. Alikuwa mtu wa Bijombo, huko milimani, mwimba kwaya, mpole, na alitengeneza mashine kama mtu anayesubiri ng'ombe azae: kimya, mikono tayari. Alichomeka kle yake, akaandika mistari mirefu kwenye kioo cheusi, akangoja, akaandika tena. Baada ya nusu saa alizima, akawasha.

Orodha ilirudi. Majina mawili, moja juu ya lingine, kama zamani.

“Bwana asifiwe,” Osée akasema.

“Alhamdulillahi,” Masumbuko akasema, akageukia benchi. “Niliwaambia ni kitu kidogo.”

Sumaya alichagua jina la pili. Kioo kikawa cheusi, kikaomba neno la siri. Mahali hapo mashine haionyeshi kitu unapoandika, hata nukta. Mtu anaandika gizani. Aliandika jina la mama yake, herufi saba, akabonyeza.

Si lenyewe.

Aliandika tena, polepole. Si lenyewe. Osée alijaribu. Masumbuko alijaribu kwa kishindo. Si lenyewe, si lenyewe.

Wakati huo Mwamvua alitokea nyuma, kutoka upande wa nyumba, na birika la chai. Alitazama migongo mitatu iliyoinamia mashine.

“Kunakuwa nini?”

“Mudogo anakataa mopasi, Mama,” Sumaya akasema.

“Mopasi gani?”

Hakuna aliyetaka kulitamka neno la siri lenyewe. Mwamvua aliweka birika chini, akamsukuma mumewe kwa nyonga, akakaa. Kwa kidole kimoja alitafuta herufi za jina lake, moja moja, akizisoma kwa sauti ili benchi nzima isikie. Akabonyeza kwa nguvu.

Si lenyewe.

“Jina yangu,” Mwamvua akasema, “inakataliwa mu nyumba yangu?”

*

Marie-Rose ndiye aliyeyachokoza. Alisema bila kuinua macho kwenye ripoti yake, “Ku biro yetu, mopasi ikikataa, maana yake muntu alibadirisha.”

Mwamvua aligeuka taratibu. “Baba Sumaya. Ulibadirisha?”

Masumbuko angeweza kusema hapana. Hiyo ndiyo iliyokuwa kweli, na kweli yenyewe ilikuwa fupi. Lakini baada ya hapana lingekuja swali jingine: basi kwa nini inakataa? Na hapo, mbele ya wateja wanne na fundi aliyeitwa eti ajifunze, mwenye kibao cha MASHINI ZOTE angelazimika kusema sijui. Aliwahi kusema maneno mengi maishani mwake, lakini hilo hakuwa na mazoea nalo.

“Kidogo,” akasema.

“Kidogo namna gani?”

“Nilibadirisha. Juu ya usalama. Batu bote ba ku soko balijua ile ya zamani.”

“Uliweka nini?”

“Nimesahau.”

“Ulisahau,” Mwamvua akasema, “ao unaogopa kusema?”

Masumbuko alinyamaza, na ukimya wake ukavaa gauni na kujipaka manukato. Benchi ililiona. Mzee mmoja aliguna kwa heshima. Masumbuko mwenyewe aliona alivyokuwa anatazamwa, na lazima tuseme ukweli, hakuchukia. Mwanamume mwenye mwanamke wa pembeni anasemwa, lakini anasemwa akiwa amesimama. Fundi asiyejua mashine yake anachekwa. Alishusha macho kama mwenye hatia na kuacha watu wafikiri watakavyo.

“Sawa,” Mwamvua akasema. Hakulia wala hakupiga kelele, alisogeza kiti chake kando. “Tumutafute. Osée, andika.”

“Niandike nini, Mama?”

“Majina. Anza na Zaituni wa samaki.”

Osée aliondoa mikono kwenye vitufe kana kwamba vimechemka. “Mama Sumaya, unisamehe. Minye niko muimbaji wa kwaya. Siwezi andika majina ya uzinzi.”

“Basi weye omba. Sumaya ataandika.”

Na Sumaya akaandika, kwa sababu saa ilikuwa inakwenda na neno lolote lingeweza kuwa lenyewe. Aliandika zaituni. Akaandika jina la mjane wa mtaa wa Mulongwe anayeuza vitenge, na la yule mwalimu aliyekuja kuchapa barua tatu wakati moja ingetosha. Kila jina Mwamvua alilitoa na maelezo yake: huyu anacheka sana, huyu alimletea papai. Si lenyewe, mashine ikajibu. Si lenyewe.

“Andika marie-rose,” Mwamvua akasema.

Muuguzi aliinua kichwa. “Eh! Minye? Na huyu?” Alimtazama Masumbuko kuanzia kofia hadi kandambili, bila haraka, kama mtu aliyeonyeshwa kiatu cha saizi ya mtoto. “Mama Sumaya, uniheshimie. Hata kama nilikuwa kipofu.”

Benchi ilicheka mpaka ikagonga ukuta. Masumbuko alicheka nao, ingawa kicheko chake kilitoka kwa kulazimishwa. Sumaya aliandika jina lile hata hivyo.

Si lenyewe.

*

Saa tano kasoro robo Osée alimwita Masumbuko pembeni, karibu na rimu za karatasi, ingawa biro ilikuwa ndogo na pembeni hapakuwa mbali na popote.

“Papa Masumbuko, minye nilikuwa nafikiri labda ni minye nilikosea kitu, pale nilipokuwa narudisha orodha. Nilitaka nirudie kuangalia kazi yangu yote. Lakini weye unasema ulibadirisha.”

“Nilibadirisha,” Masumbuko akasema, maana uongo ukishawekwa kiti hauinuki kirahisi.

“Basi kosa haiko kwangu. Kama hukumbuke, dawa ni moja. Tufute Mudogo, tuweke mupya.”

“Na travai?”

“Itafutwa pamoja naye.”

Sumaya alikuwa amesikia yote. Aliacha vitufe, akaja mpaka mbele ya baba yake. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, na kwa miaka yote hiyo alikuwa upande wa baba katika kila ugomvi wa nyumba ile. Mwamvua mwenyewe alizoea kumwita wakili.

“Papa,” akasema kwa sauti ndogo, “uniambie ile jina.”

“Sumaya...”

“Sitakasirika. Hata kama ni muntu tunamujua. Hata kama iko na mutoto wako, nitamupenda huyo mutoto, nitamubeba ku mugongo. Minye nataka herufi tu. Uniandikie ku karatasi, nitaandika bila kusoma kwa sauti, kisha nitachana. Mama hataona.” Machozi yalikuwa yanamshuka naye hayapangusi. “Papa, wale bamama ba Nyakabere balinihesabia mihogo kwa siku makumi. Siwezi rudi kubaambia banihesabie tena.”

Masumbuko alimwangalia. Hakukuwa na karatasi duniani ambayo angeweza kuiandika. Aliona, kwa kuchelewa, jinsi alivyomuuza mtoto wake kwa bei ya kuonekana anajua.

“Haiko muntu,” akasema.

“Papa, tafazali.”

“Haiko muntu, Sumaya. Sikubadirisha kitu. Mopasi ni ileile ya mama yako. Sijue juu ya nini inakataa.”

Mwamvua alisimama. “Rudilia. Kwa sauti. Na leo ni Ijumaa, ujue.”

“Sijue!” Masumbuko alipaza sauti mpaka muuza makaa wa ng'ambo ya barabara akageuka. “Sijue mashini iko na nini! Sina mwanamuke, sikubadirisha mopasi, na sijue!”

Hapo ndipo benchi ilipocheka kwa kweli, kicheko alichokuwa akikikimbia tangu asubuhi. Marie-Rose alijifunika uso kwa ripoti. Mwamvua peke yake hakucheka.

“Saa moja nzima,” akasema. “Umenitafutisha bibi asiyekuwako, saa moja nzima.”

Lakini Osée alikuwa amekwisha kurudi mbio kwenye mashine. “Papa Masumbuko, Mungu akusamehe,” alisema huku akizima na kuwasha. “Kama neno ni lile, na vidole ni vile, basi kitu inafika kule ndani siyo kitu tunaandika.” Orodha ilipotokea hakuchagua jina. Alifungua mahali pengine, uwanja mweusi wa kuandikia amri, ambapo herufi huonekana. “Mama Sumaya, kuja. Andika jina yako hapa, vilevile uliandika.”

Mwamvua alikaa, akatafuta herufi zake kwa kidole kimoja. M. W. A. M. V. U. A. Kisha akatazama juu. Kioo kilikuwa kimeandika:

;zq;vuq

“Nani huyu?” Mwamvua akauliza, na macho yakaanza kumrudia mumewe.

Osée alijipiga kofi kwenye paji la uso. “Ni minye! Kosa ni yangu. Hii kle yangu ni ya Wamerika. Wakati nilikuwa narudisha orodha, nilimuachia Mudogo klavye ya kwao.” Alionyesha vitufe. “Angalia, hapa kwetu ni klavye ya Kifaransa, juu inaanza na A na Z. Ya Wamerika inaanza na Q na W. Weye unabonyeza A, yeye anasikia Q. Unabonyeza M, yeye anasikia alama. Asubuhi yote tunamuita kwa Kifaransa, na masikio yake ni ya Kimerika.”

“Hata zaituni?” Marie-Rose akauliza.

“Hata weye, Mama, hakukusikia sawasawa.”

Alichukua karatasi, akahesabu kwa kalamu: tukitaka M, tubonyeze mkato; tukitaka W, tubonyeze Z; tukitaka A, tubonyeze Q. Akampa Sumaya. Mwamvua aliinyang'anya.

“Ni jina yangu,” akasema. “Naandika minye.”

Mkato. Z. Q. Mkato. V. U. Q. Alibonyeza, na watu wote mle ndani wakanyoosha shingo, hata wale waliokuja kunakili vitambulisho tu. Kioo kilibaki cheusi kidogo. Kisha Mdogo akafungua macho.

*

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na mbili. Sumaya alifungua faili, na kurasa sitini na mbili zikawa zote, na majedwali yake, na mihogo yake. Alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Mwamvua alimshika bega. Osée alikuwa ameinamisha kichwa akishukuru.

Ukurasa wa kwanza baada ya jalada ulikuwa wa kutabaruku, ule ambao kila mwanafunzi huandikia wazazi wake. Ulikuwa na mstari mmoja tu katikati ya weupe mwingi, kwa herufi kubwa kidogo. Marie-Rose, aliyekuwa amesogea, aliusoma kwa Kifaransa, halafu akaanza kuufasiri kwa ajili ya Mwamvua kabla hajafikiri vizuri.

“Inasema: kwa baba yangu, Masumbuko Ismaili...” Sauti ikampungua. “...muntu mumoja tu ambaye hajanidanganya hata siku moja.”

Benchi iliangalia miguu yake.

Masumbuko alisogea mpaka nyuma ya kiti cha binti yake. “Futa ile mustari,” akasema polepole.

Sumaya aliusoma, kama vile umeandikwa na mtu mwingine. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe.

“Futa, mwanangu. Weka jina ya mama yako. Ni mustari moja tu.”

“Niliandika mwezi wa tatu, Papa,” akasema. “Mwezi wa tatu ilikuwa kweli.”

Akachapa. Kopi tatu.

Mashine ya kuchapa ilizitoa moja moja, zikiwa na joto. Kutoboa matundu na kupitisha waya wa plastiki ilikuwa kazi ya Masumbuko. Hakuna mwingine pale aliyeiweza, na muda haukuwapo wa kumfundisha mtu. Alipanga karatasi, akazigonga mezani zilingane, na mara tatu ukurasa ule ulipita chini ya mikono yake. Alitoboa vizuri. Katika kopi ya tatu waya ulimtoka vidoleni mara mbili, na Mwamvua akaushika upande wa pili mpaka ukaingia.

Sumaya alizipokea, akazitia kwenye mfuko wa plastiki. “Asante, Papa,” akasema, kwa adabu, kama wanavyosema wateja. Kisha akapanda nyuma ya pikipiki ya Osée, wakaondoka na vumbi.

Masumbuko alirudi kukaa. Marie-Rose alimpa ripoti yake, naye akaanza kuichapa, mkato kwa mkato, nukta kwa nukta, simu yake ikiwa mezani karibu na mkono. Siku zote Sumaya akifaulu kitu chochote, mtihani, safari, hata kununua viatu kwa bei nzuri, alikuwa anampigia yeye kwanza.

Saa sita kasoro dakika saba simu ililia. Masumbuko aliikwapua yake, akaitazama, akaiweka chini. Iliyolia ilikuwa ya Mwamvua.